Viatu Namba Arobaini na Moja

Jumatano, tarehe kumi na nne ya mwezi wa tano, saa nne kasorobo asubuhi, ndipo mambo ya Mzee Mabuti yalipoharibika. Yaliharibika akiwa amesimama mlangoni kwake, amenawa uso, amechana nywele, na amevaa viatu vizuri kuliko vyote alivyowahi kuvigusa maishani.

Wakaguzi wa baraza la mji walikuwa watatu. Mbele alitangulia bwana mmoja mwenye faili la kijani kwapani, na watu wa kota, zile nyumba za baraza, walikwisha kumpachika jina la Bwana Faili kabla hajamaliza mlango wa pili. Nyuma yake walikuja wanawake wawili wa ofisini, mmoja na karatasi, mwingine na kitambaa cha kuzibia pua. Kazi yao ilikuwa kupita chumba kwa chumba, vyumba kumi na viwili vilivyopangwa mstari mmoja, waangalie nani mhitaji na nani mwenye uwezo. Mhitaji abaki. Mwenye uwezo akapange kwingine. Ndivyo tangazo lilivyosema, na tangazo lenyewe lilitiwa sahihi na mtu anayekaa bure kwenye nyumba ya baraza yenye vyumba sita, ambako hata mbwa ana chake.

Watu walijiandaa wiki nzima. Mama Pacha, mpiga pasi wa chumba cha tano, alihamishia jokofu lake kwa dada yake kwa mkokoteni, ikafuata televisheni, likafuata kochi. Asubuhi hiyo alivaa gauni la kudekia akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, uso umemshuka kama mtu aliyefiwa na ukoo mzima.

"Shemeji," alimwita mzee kwa sauti ya chini, maana alikuwa shoga wa marehemu mke wake. "Shemeji, hivyo viatu vua. Nakuomba. Vaa zile ndara zako zilizoliwa na panya."

"Nipokee wageni wa serikali na ndara?"

"Leo ndiyo siku ya ndara! Leo hata ungekuwa na kikohozi ningekuambia kohoa kwa nguvu."

"Mama Pacha, miaka ishirini na mbili wakubwa wananipita juu, mimi niko mtaroni. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunipa mkono. Leo wanakuja mlangoni kwangu. Nitasimama nao sawasawa."

"Haya. Mimi nimesema."

Mzee aliinama akakaza kamba za kiatu cha kushoto, ingawa hazikuwa zimelegea.


Viatu alikuwa navyo kwa siku kumi na moja tu. Aliviona mara ya kwanza akiwa mtaroni. Kazi yake ilikuwa kuzibua mitaro ya mji: kushuka humo na koleo, kutoa kile ambacho watu wenye adabu zao wametupa na kusahau. Mtaro wa barabara ya maduka una kina cha kifua. Ukisimama ndani yake, macho yako yanakuwa sawasawa na sehemu ya chini ya kioo cha duka la viatu. Mkubwa anayepita na gari havioni viatu vile. Anayeviona vizuri ni mtu wa mtaroni.

Vilikuwa vya ngozi, rangi ya chai iliyokolea, vya kufunga kwa kamba. Pembeni kulikuwa na mshono mmoja mwembamba uliotoka kisiginoni, ukazunguka kidoleni, ukarudi kisiginoni bila kuyumba hata mahali pamoja. Mzee aliutazama mshono ule kila alipoinua koleo. Alijisemea kwamba aliyeshona hivi hakuwa na haraka, wala hakukuwa na bwana aliyesimama nyuma yake akitazama saa.

Basi ikatoka posho ya mafuriko. Ilitoka miaka miwili baada ya mafuriko yenyewe, wakati maji yalikwisha kukauka na baadhi ya waliopambana nayo wamekwisha kufa. Karani wa malipo aliita majina yote tisa ya wazibuaji mitaro vilevile yalivyokuwa kwenye orodha. Alipoita jina la maiti alingoja kidogo, akatazama huku na huku, akaendelea na la pili. Mke wa mzee naye alikuwa na miezi kumi na tisa kaburini. Mzee alitoka pale dirishani akaenda moja kwa moja dukani, na mabuti yake ya mpira miguuni, kwa sababu hakuwa na kingine cha kwendea.

"Mzee, mtaro uko nje," muuzaji alisema.

"Najua. Ndiko nilikotoka."

"Na humu umefuata nini?"

"Vile pale."

Muuzaji alitaja bei kama anayemfukuza kuku. Mzee akatia mkono kifuani, akatoa noti, akaziweka juu ya meza ya kioo. Muuzaji alizitazama, akamtazama, akavuta kigoda.

"Karibu ukae, mzee wangu. Unavaa namba ngapi?"

Hapo mzee alikwama. Mabuti hutolewa stoo ya baraza, na unachukua yaliyobaki. Mwaka mmoja alipewa arobaini na nne akajaza matambara mbele. Mwaka mwingine la kulia na la kushoto hayakuwa hata ndugu. "Namba yangu," alisema, "sijawahi kuambiwa."

Muuzaji alimpa mfuko wa plastiki autie mguuni kwanza, asije akachafua. Mzee akautia. Mguu wake ulikuwa mweupe na umejikunjakunja, kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni. Muuzaji akapima, akapima tena.

"Arobaini na moja. Arobaini na moja kamili, mzee, hata unywele hauzidi."

Ana miaka hamsini na sita, ndiyo kwanza anaijua namba ya mguu wake. Aliirudia kimoyomoyo. Arobaini na moja. Kisha kiatu kikaingia. Kilimshika kisigino, kikamkaa unyayoni, wala hakikumbana wala hakikumwacha, kana kwamba kilikuwa kinamngoja yeye muda wote ule pale kiooni. Alisimama. Akapiga hatua moja, ya pili, ya tatu, na sakafu ya duka ikaitikia: ko, ko, ko. Mpira hausemi. Miaka ishirini na mbili mzee alikuwa akitembea bila kusikika.

"Unavipeleka kwenye harusi?" muuzaji aliuliza.

"Navipeleka nyumbani."

Usiku hakuna la kusimulia, alilala. Lakini kulipokucha aliviweka juu ya gazeti, upande wa kitanda ambako hapakuwa na mtu tena, akakaa kuvitazama. Alivinusa. Alivifuta vumbi ambalo halikuwapo. Alipitisha ukucha juu ya mshono, polepole, mzunguko mzima. Hajawahi kuwa na kitu ambacho hakifanyi kazi yoyote ila kuwa kizuri, na furaha yake ilikuwa kubwa mpaka ikamtia aibu.

Kilichomkosesha raha kilikuwa kimoja: hakuna aliyemgombeza. Mkewe angemgombeza. Angeshika kiuno na kuuliza, "Hivi tutavichemsha au tutavikaanga?" Angenuna mpaka jioni, na jioni ileile angetoka nje kumwita Mama Pacha, njoo uone mwenzio ana mume mwendawazimu, njoo uone ngozi hii. Sasa mzee alivaa, akatembea hatua nne kwenda na nne kurudi, maana chumba kiliishia hapo. Jumapili alitoa kiti mlangoni akakaa mguu juu ya mguu. Watu walipita. Habari za leo, mzee? Nzuri. Za kwako? Nzuri. Wakapita. Macho yao yalikuwa kwenye shida zao. Siku kumi na moja hakuna aliyesema neno juu ya viatu vile, si zuri wala si baya, mpaka Jumatano hiyo ya wakaguzi. Na neno lenyewe lilikuwa lile la Mama Pacha: vua.


Bwana Faili aliingia chumba cha sita akasimama katikati. Hakuhitaji kuzunguka.

"Televisheni?"

"Sina."

"Jokofu?"

"La kuwekea nini, bwana?"

"Redio?"

"Ilikuwa ya mke wangu. Imezimika, sijaitengeneza."

Bwana Faili alianza kuandika. Alikuwa amekwisha kuandika herufi mbili tatu za lile neno zuri, mhitaji, aliposikia ko juu ya sakafu. Mzee alikuwa amesogea kumpisha. Macho ya Bwana Faili yakashuka.

"Lo! Mzee! Viatu gani hivi?"

Ee bwana wee. Mzee Mabuti alihisi kitu kimefunguka kifuani, kama mtaro unapozibuka na maji yote ya nyuma yakaja kwa pamoja.

"Ngozi tupu hiyo, bwana," alisema. "Bonyeza. Bonyeza hapo, usiogope."

Bwana Faili alibonyeza kwa kidole.

"Unaona inavyorudi? Sasa tazama chini." Akashika mwimo wa mlango, akainua mguu, akamwonyesha soli. "Haikugandishwa kwa gundi peke yake. Imeshonwa. Na huu mshono wa pembeni, umeuona? Ufuate. Ufuate mpaka mwisho, kama utaona ulipoanzia nipige kofi."

"Kweli hapaonekani," alisema Bwana Faili, naye akionekana amevutiwa hasa. "Vitakuwa vya pesa nyingi."

Mzee alitaja bei. Kisha, kwa jinsi roho ilivyokuwa imemtulia, akaongeza juu yake kidogo, kama watu wanavyofanya kitu kikisifiwa.

"Heee! Na unavivaa hivihivi, Jumatano?"

"Hivi?" Mzee alicheka. "Hivi ni vya kushindia tu, bwana. Vya sherehe vimelala!"

Bwana Faili akacheka. Yule mwanamke mwenye kitambaa akakitoa puani naye akacheka. Mzee alicheka zaidi yao wote, maana ilikuwa siku nyingi hajamchekesha mtu. Na huku wakicheka, kalamu ilikuwa inaandika. Walipotoka, Bwana Faili alimpa mkono. Ulikuwa mkono laini, haujui koleo. Mzee alibaki mlangoni akiwatazama wanavyoingia chumba cha saba, na alimkonyeza Mama Pacha, kwamba unaona?


Barua ilibandikwa mlangoni Jumamosi. Mzee alikuwa akisoma kwa kutafuta herufi moja moja, kwa hiyo Mama Pacha ndiye aliyemsomea, na mkono mmoja mdomoni.

"Chumba namba sita. Mwenye uwezo. Mkaazi anamiliki viatu vya thamani kubwa, jozi zaidi ya moja, ikiwamo ya sherehe. Aondoke ndani ya siku kumi na nne." Akamgeukia. "Jozi zaidi ya moja? Shemeji, uliwaambia nini watu wale?"

"Nilitania."

"Ulitania." Mama Pacha alishusha pumzi. "Unamtania mtu mwenye kalamu?"

"Alicheka! Na yeye alicheka!"

"Acheke asicheke, analipwa kuandika. Angalia mimi." Akamwonyesha barua yake. Mhitaji. Nyuma yake, kwenye uchochoro, mwenye mkokoteni alikuwa amekwisha kurudi na jokofu.

"Mama Pacha, wewe una jokofu mimi nina viatu, halafu tajiri ni mimi?"

"Usiseme kwa sauti, shemeji, nina watoto." Aliona haya, akalainisha maneno. "Viuze. Nenda kwa yule yule muuzaji, kisha uende baraza uwaambie hunavyo."

Mzee aliingia ndani akafunga mlango. Ukutani, juu ya mto wa upande wa pili, palikuwa na duara la mafuta ya nywele, kubwa kama sahani. Hapo ndipo mkewe alipokuwa akiegemeza kichwa jioni, miaka kumi na minane, akimsimulia nani kasema nini bombani. Baraza lilileta rangi mara moja kupaka vyumba vyote, na mzee akawaambia chake kisiguswe. Mtu anaweza kubeba kitanda na sufuria. Ukuta utaubebaje?

Alimpigia simu mwanawe, aliyekuwa dereva mji mwingine.

"Viatu, baba? Viatu vya nini? Unaenda wapi wewe?"

"Siendi popote."

"Sasa si ndiyo maana nauliza! Wewe unashinda mtaroni, unataka viatu vya ngozi vya nini? Ungeniambia nikakupa hata vya kwangu vya zamani."

"Vya kwako ni namba ngapi?"

"Arobaini na tatu. Kwa nini?"

"Basi tu."

Mzee alisikia mkwe wake akiuliza kitu kwa mbali, na mlango ukafungwa.

"Baba, ningekuambia uje kwetu," mwanawe alisema, "lakini unajua palivyo hapa."

"Najua," mzee alisema. Hajawahi kufika.


Jumatatu aliomba ruhusa kazini akaenda ofisi za baraza kukata rufaa. Safari hii alikuwa amejifunza: alivaa shati lililotoboka kwapani na zile ndara zilizoliwa na panya. Mlinzi wa getini alimzuia kwa kirungu.

"Mzee, soma hapo."

"Kisomo changu kidogo, mwanangu."

"Pameandikwa mavazi ya heshima. Ndara haziingii. Kavae viatu."

"Mimi nimekuja kusema kwamba sina kitu."

"Kaseme ukiwa na viatu."

"Mabuti je? Yana nembo ya baraza, mmenipa wenyewe."

"Mabuti yanachafua sakafu. Mzee, sikukatalii kwa ubaya, mimi nimewekwa. Kavae viatu."

Akarudi nyumbani kwa miguu, saa nzima. Akakaa kitandani. Chini ya kitanda kulikuwa na mabuti, miguuni ndara, na juu ya gazeti vile viatu. Serikali haikumwachia cha nne. Akavaa soksi, akavaa viatu, akafunga kamba, na ingawa alikuwa na hasira, mguu ulipoingia alisikia tena ile raha, ileile, haikupungua hata kidogo. Alitembea saa nyingine kurudi. Mlinzi alimfungulia geti mwenyewe. "Sasa ndiyo mzee," alisema. "Karibu sana."

Chumba cha rufaa kilikuwa na mabenchi mawili yaliyojaa, na dirisha moja. Mzee alikaa tangu saa sita hadi saa tisa na nusu akiwa ameificha miguu chini ya benchi. Ilipofika zamu yake ilibidi apite katikati ya watu wote, na sakafu ya baraza ilikuwa ya vigae. Ko, ko, ko. Kila mtu alitazama chini. Siku zile alipotamani kutazamwa, walikuwa wapi?

Karani alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani na sauti ya kuchoka. Alisoma faili, kisha akainuka kidogo kitini, akachungulia juu ya meza.

"Ndivyo vyenyewe?"

"Ndivyo, mama."

"Na vya sherehe?"

"Havipo. Ulikuwa utani."

"Utani." Karani aliandika kitu, akakifuta. "Mzee wangu, unakuja kukata rufaa ya viatu ukiwa umevivaa?"

"Mlinzi wenu kanirudisha nilipokuja na ndara."

Kwenye mabenchi watu walicheka. Karani hakucheka. Alivua miwani, akaufuta uso, akamtazama vizuri, na mzee aliona kwamba mama huyu alikuwa akitafuta namna, kweli alikuwa akitafuta.

"Sikiliza, baba. Siwezi kuandika kwamba mkaguzi amekosea. Mkaguzi hakosei, ndiyo kazi ilivyo. Lakini iko fomu hii." Akavuta karatasi moja kwenye droo, akaigeuza imwelekee. "Ni tamko. Unatamka kwamba kitu kilichoonekana kwako si chako, uliazimwa. Wengi wanaijaza, ya televisheni, ya baiskeli. Nikiigonga muhuri, jina lako linarudi kwenye wahitaji leo leo, na chumba unabaki nacho. Hakuna atakayekugusa mpaka ustaafu."

"Niseme viatu si vyangu."

"Useme ni vya kuazima. Unaandika jina la mwenyewe, na huyo mwenyewe aje avichukue hapa mbele yangu, atie sahihi. Basi. Na wewe ukionekana navyo tena baadaye, hapo siwezi kukusaidia."

Mzee aliitazama fomu. Ilikuwa na mistari na nafasi tupu. Alimfikiria mwanawe mwenye arobaini na tatu. Alimfikiria Mama Pacha, ambaye angekuja mbio na mume wa mtu akaapa chochote. Alimfikiria muuzaji na mfuko wake wa plastiki. Mguu mmoja baada ya mwingine aliwapima wote, na hakuna aliyemfaa. Chini ya meza, bila yeye kutaka, kidole gumba cha mguu wa kulia kilijinyoosha ndani ya ngozi, kikagusa mwisho, kikatulia mahali pake.

"Mama," alisema, "hakuna fomu ya mtu ambaye kitu ni chake, na bado hana kitu?"

"Haipo, baba. Ingekuwapo ningekupa."

Nyuma yake mtu alikohoa. Mwingine akasema jamani, mzee, andika lolote tutoke, ofisi inafunga. Karani alitazama saa ya ukutani, akavaa tena miwani, akashika kalamu yeye mwenyewe kwa kuwa alikwisha kuona kwamba mkono wa mzee ni mzito kwa kuandika, akaiweka ncha yake kwenye ile nafasi tupu.

"Haya, nitakuandikia mimi. Wewe nitajie tu," alisema, na sauti yake haikuwa mbaya. "Viatu hivi ni vya nani?"